Mkono wa Jirani: Kwa Nini Msaada Mmoja Humjenga Mtoto na Mwingine Humuumiza

Katikati ya miaka ya 1930, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, daktari Richard Clarke Cabot alianzisha mradi ambao mtu yeyote mwenye huruma angeubariki. Wavulana wa mitaa yenye dhiki walitafutwa, wakapangwa wawili wawili wanaokaribiana kwa umri, tabia na hali ya nyumbani. Kisha kura ikaamua yupi asaidiwe na yupi aachwe aendelee na maisha yake. Kuanzia mwaka 1939, waliosaidiwa walitembelewa nyumbani takriban mara mbili kwa mwezi, kwa wastani wa miaka mitano na zaidi. Zaidi ya nusu yao walipewa masomo ya ziada, zaidi ya mia moja wakapelekwa kwa madaktari, na robo hivi wakapelekwa kambi za likizo.

Miaka thelathini baada ya mradi kwisha, mtafiti Joan McCord akaanza kuwatafuta wanaume hao, 506 kwa jumla ya makundi yote mawili. Theluthi mbili ya waliosaidiwa wakamwambia kuwa mradi uliwafaa, na baadhi wakawakumbuka washauri wao kama mtu anavyomkumbuka mjomba. McCord hakuishia hapo. Alifungua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo. Aliyoyakuta aliyachapisha mwaka 1978, na hadi leo yanawanyima usingizi watu wa fani ya kusaidia watoto: waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao ambao hawakuguswa. Waliowahi kutenda kosa walikuwa wepesi zaidi kurudia. Dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwao. Na miongoni mwa waliofariki, waliosaidiwa walikufa wakiwa na umri mdogo zaidi.

Washauri wale walikuwa waajiriwa, si watu wa kujitolea, kwa hiyo kisa hakimwangukii moja kwa moja jirani anayetoa Jumamosi yake bure. Lakini swali lake linamhusu. Inawezekanaje wema uliopangwa vizuri hivyo, wenye fedha na subira ya miaka mitano, umwache mtoto pabaya kuliko ulipomkuta? Na ikiwa hilo linawezekana, kwa nini sehemu nyingine jambo dogo kuliko hilo, kama kikao cha akina mama chini ya mti, limeokoa maisha?

Jibu moja la kisa cha Cambridge na Somerville lilipatikana baadaye sana, data zilipochambuliwa upya. Madhara yalikuwa mazito hasa kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Huko walikusanywa vijana wenye misukosuko inayofanana, nao wakafundishana. Anayesimulia utundu wake huchekewa na kushangiliwa, na anayeshangiliwa hurudia. Hakuna mtu mzima aliyekusudia jambo hilo. McCord mwenyewe alidokeza sababu nyingine: huenda wavulana walizoea msaada wa mtu wa nje, kisha wakaachwa wakiwa na matarajio ambayo dunia yao haikuweza kuyatimiza.

Nadhani kidokezo hicho cha pili kimebeba uzito kuliko kilivyopewa. Ukikifuata, sehemu kubwa ya fundo hili hufunguka.

Mtoto hahitaji peke yake

Tunasema "mtoto mwenye uhitaji" kana kwamba uhitaji umekaa ndani ya mtoto, kama homa. Mara nyingi umekaa kwingine: kwa mama ambaye hajalala usiku tatu mfululizo, baba aliyepoteza kazi, au bibi anayelea wajukuu wanne kwa miguu inayouma. Mtoto ndiye dirisha tunaloonea, na kwa kuwa anatabasamu na anashukuru haraka, ndiye tunayemkimbilia. Mzazi ni mgumu zaidi. Ana aibu, ana hasira, pengine anakutilia shaka, na ana haki ya kukutilia shaka. Basi anayejitolea humpita mzazi mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa mtoto na begi lake la zawadi.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 18, unasema wajibu wa kwanza wa malezi ni wa wazazi au walezi, na kazi ya dola ni kuwasaidia waubebe. Wengi husoma ibara hiyo kama mzigo anaotwikwa mzazi. Mimi naisoma pia kama ramani ya anayejitolea: njia ya kumfikia mtoto hupita kwa mtu anayelala naye nyumba moja. Ukileta viatu vya shule, mkabidhi mama, ampe mwanawe yeye mwenyewe. Tendo linaonekana dogo, lakini mtoto hatalisahau. Akivikabidhiwa na wewe mbele ya mama yake, amejifunza kwamba mama hawezi. Akivikabidhiwa na mama, amejifunza kinyume chake.

Mahali ambapo kosa la kumpita mzazi limekuwa kubwa kuliko pote ni makao ya watoto yatima. Shirika la Save the Children lilikadiria mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio kwenye taasisi hizo wana mzazi mmoja hai au wote wawili. Wengi wamefikishwa huko na umaskini: mzazi ameambiwa kuna chakula, kuna shule, kuna wageni wema. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo kuhusu malezi mbadala, ikisema wazi kwamba umaskini pekee usiwe sababu ya kumtoa mtoto mikononi mwa wazazi wake. Uwe ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Desemba 2019 Baraza Kuu la umoja huo lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na madhara ya watu wanaokwenda kujitolea kwenye makao ya yatima yakatajwa humo.

Madhara gani? Utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, unaeleza. Watoto 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi, wenye umri wa miezi 6 hadi 31, waligawanywa kwa kura: nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, nusu wakaendelea na malezi ya taasisi kama ilivyokuwa. Waliopelekwa kwenye familia walikua wakiwa na uwezo mkubwa zaidi wa akili na uhusiano imara zaidi na walezi wao, hasa wale waliotoka kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Chakula na dawa vilikuwepo pande zote mbili. Kilichopungua kwenye taasisi ni mtu mmoja yuleyule, anayejua kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi.

Sasa mweke hapo mgeni wa wiki mbili. Watoto wanamkimbilia, wanamkumbatia, wanang'ang'ania mkono wake. Anarudi kwao akisimulia upendo aliouona. Watafiti wa watoto wa taasisi wanaijua tabia hiyo na wanaihesabu miongoni mwa dalili: mtoto anayemkumbatia kila mgeni bila kuchagua ni mtoto ambaye hajapata wa kumchagua. Mtoto aliyelelewa vizuri hujificha nyuma ya gauni la mama yake kwanza, akakuchungulia.

Kurudi

Hapa ndipo muda unapoingia. Shirika la Big Brothers Big Sisters, ambalo mizizi yake ni New York mwaka 1904, huunganisha mtoto mmoja na mtu mzima mmoja anayejitolea. Wakutane, watembee, wazungumze, wafanye kazi za shule. Watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichambua data za vijana 1,138 wa mpango huo na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Uhusiano uliodumu mwaka mmoja au zaidi ndio ulioleta faida kubwa. Uliokatika mapema ulileta faida ndogo au haukuleta kabisa, na ule uliovunjika kabla ya miezi mitatu ulimwacha kijana akijiona hana thamani kuliko alivyojiona kabla hajaunganishwa na mtu.

Kijana aliyekwisha kuachwa na mtu mzima mmoja, akiachwa na wa pili, haoni kwamba ratiba yako imebana. Anaona ushahidi umeongezeka. Nakiri niliwahi kumwambia mtoto mmoja "nitakuja wiki ijayo," nikaja baada ya mwezi. Hakunikasirikia hata kidogo. Alikuwa amezoea, na hilo ndilo lililonichoma.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kikundi chochote kingemuuliza anayetaka kujitolea si "una ujuzi gani?" Lingekuwa: mwaka ujao, mwezi kama huu, utakuwa wapi? Ambaye hajui asikataliwe, kazi zipo. Apange vitabu, aendeshe gari, atunze hesabu, apake rangi darasa. Asipewe moyo wa mtoto aushike kwa wiki sita.

Na hapa panaeleweka kwa nini jirani, hata asiyesoma sana, humshinda mtaalamu anayetoka mbali. Mwaka 1983, katika mji mdogo wa Florestópolis, jimbo la Paraná nchini Brazili, daktari wa watoto Zilda Arns alianzisha Pastoral da Criança, kazi ya kanisa iliyojengwa juu ya wanawake wa mtaa wenyewe. Kila mmoja alikabidhiwa familia chache za jirani zake. Alizitembelea kila mwezi, akawafundisha akina mama kunyonyesha na kutengeneza nyumbani maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mara moja kwa mwezi watoto walikusanywa, wakapimwa uzito, na siku hiyo ikafanywa sherehe. Kazi ilienea Brazili nzima na kuvuka mipaka. Arns mwenyewe alifariki Januari 12, 2010, katika tetemeko la ardhi la Haiti, alikokwenda kuelezea kazi hiyohiyo.

Tazama kilichofanyika pale. Mwanamke wa mtaa hahitaji nauli ili arudi, kwa kuwa hakuondoka. Hana haja ya kujenga imani upya, na akikosea jambo, mama wa nyumba ya tatu atamwambia usoni. Tena ujuzi haukubaki kwake. Ulihamia kwa mama. Leo mantiki hiyohiyo inatumika kwenye utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali. Zamani utepe huo ulikaa kwa mhudumu. Sasa programu nyingi humpa mama mwenyewe, naye anaweza kupima mara nyingi kuliko mgeni yeyote.

Katika wilaya ya Makwanpur, Nepal, hawakuleta hata utepe. Walileta mazungumzo. Vikundi vya wanawake vilikutana kila mwezi vikiongozwa na mwanamke wa hapohapo. Walitaja matatizo ya ujauzito na uzazi yaliyowasumbua, wakachagua la kuanzia, wakatafuta suluhisho lao wenyewe, wakalijaribu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30 ikilinganishwa na maeneo yasiyokuwa na vikundi. Mwaka 2013 majaribio saba ya Bangladesh, India, Malawi na Nepal yaliwekwa pamoja, na hapo likatokea sharti muhimu: faida ilikuwa kubwa pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki. Kikundi cha watu wachache waliokwisha kuamka hakibadilishi kijiji. Ni jambo la kukumbuka kwa kila anayehesabu mafanikio kwa idadi ya mikutano.

Isidhaniwe kwamba jirani akiingia tu, mambo yananyooka. Home-Start, iliyoanzishwa na Margaret Harrison mjini Leicester, Uingereza, mwaka 1973, hutuma mzazi mzoefu kuitembelea familia yenye watoto wadogo mara moja kwa wiki, kwa saa chache: kusikiliza, kushika mtoto, kwenda pamoja kliniki. Akina mama huipenda sana. Hata hivyo utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004 haukuona tofauti ya maana kati ya familia zilizotembelewa na zile za kulinganishia, ilhali tafiti za Uholanzi ziliona mabadiliko mazuri katika malezi. Mimi sioni kwamba utafiti mmoja unaukanusha mwingine. Urafiki humwondolea mama upweke, na hilo pekee lina thamani. Ila upweke ukiwa umesababishwa na kodi ya nyumba isiyolipika au ngumi za mume, mgeni mwema wa saa tatu kwa wiki hana mkono wa kuufikisha huko. Ndiyo maana kikundi kizuri kina orodha ya namba za simu: afisa ustawi wa jamii, zahanati, mwanasheria wa msaada, polisi. Kujua mpaka wako na kumpeleka mtu kwa anayeweza ni nusu ya kazi.

Kuna jambo ambalo wanaosifu kujitolea hawapendi kuliongea. Anayejitolea mtaani mara nyingi ni mwanamke, tena maskini kama anaowasaidia. Akiombwa atembelee nyumba kumi bure kila wiki, anayelipa gharama ni familia yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipwe kulingana na kazi wanayofanya, na lilisema wasilipwe kwa motisha za utendaji peke yake. Saa mbili kwa wiki ni kujitolea. Siku tatu kwa wiki, zenye fomu za kujaza na msimamizi wa kuripoti kwake, ni ajira iliyovalishwa jina zuri.

Kuhusu michango ya vitu sina mengi. Uliza kabla ya kuleta. Nguo zilizochakaa humwambia anayepokea kwamba naye amechakaa, na rundo la vitu visivyoombwa hula muda wa watu wanaopaswa kuwa kazini.

Mlango uwe wazi

Panapokusanyika watoto wenye walezi waliochoka, hufika pia watu wenye nia mbaya, nao huja wamevaa sura ya wema uleule. Kikundi kisicho na utaratibu wa ulinzi wa mtoto, hata kiwe na watu wacha Mungu kiasi gani, kimeacha mlango wazi upande usiofaa. Utaratibu wenyewe si mgumu. Kila mpya atoe majina ya watu wanaomfahamu, nao waulizwe kwa kweli, kwa kupigiwa simu na si kwa barua pekee. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali wasipoonekana. Ujumbe wa simu kati ya mtu mzima na mtoto upite kwenye kundi ambalo mzazi yumo. Picha zisipigwe bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na zisiwekwe mtandaoni zikiwa na jina la shule. Ibara ya 16 ya mkataba niliokwisha kuutaja inalinda faragha ya mtoto, na umaskini haumwondolei.

Atakayeona utaratibu huo ni matusi kwake, mwacheni aende.

Sehemu inayowatetemesha wengi ni pale mtoto anaponong'ona kwamba kuna mtu anamfanyia ukatili. Ukijitolea kwa muda wa kutosha, siku hiyo itafika. Mtoto huanza kwa kusema, "Nikikuambia, hutamwambia mtu?" Usiahidi. Mwambie utaisikia siri yake, na kama kuna mtu anayeweza kumlinda, utamwambia huyo tu. Kisha sikiliza. Usimuulize, "Je, ni baba?" kwa kuwa swali lenye jibu ndani yake linaweza kumchanganya na baadaye kuharibu ushahidi wake. Swali la "ikawaje?" linatosha. Usioneshe mshtuko, mtoto akiona uso wako umebadilika hufunga mdomo ili akulinde wewe. Mwambie kosa si lake. Andika maneno yake kama alivyoyasema siku hiyohiyo, na upeleke taarifa kwa aliyepewa jukumu hilo, usimwendee mtuhumiwa. Msaada wa kwanza wa kisaikolojia, uliofafanuliwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, unajengwa juu ya vitenzi vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kuchunguza hakumo. Hiyo ni kazi ya wengine, na kumwachia mwenye kazi hiyo ni sehemu ya kumlinda mtoto.

Kisha kuna siku ya kuondoka, ambayo vikundi vingi havina hata mstari mmoja kuihusu. Watu huhama, huugua, huolewa, hupata kazi. Kuondoka hakuepukiki; kutoweka kunaepukika. Mtoto ajulishwe wiki kadhaa kabla, kwa maneno ya kawaida, na aambiwe sababu ya kweli, la sivyo atajitungia yake, na katika hiyo atakayojitungia mkosaji atakuwa ni yeye. Mzazi ajue kabla ya mtoto. Atakayechukua nafasi yako aje angalau mara moja mkiwa wote wawili, ili mtoto aone mnaheshimiana. Usiahidi kupiga simu kama hutapiga. Na siku ya mwisho, hata kama mvua inanyesha na unajua atalia, uende.